Changarawe Iliyoishia Kwenye Beseni

Kwa miaka tisa Asteria, au Mama Rebeka, ameosha machekeche katika maabara ya udongo ya mkandarasi mmoja mjini Shinyanga. Cheo chake ni mtu wa usafi. Stanslaus ndiye mhandisi, na kofia ya plastiki huivaa hata ndani, dari isije ikamwangukia.

Mwezi wa nane uliletwa udongo wa Didia, kijijini kwa Mama Rebeka, panapojengwa wodi ya wazazi. Stanslaus akautikisa mkavu kwenye machekeche, akapima uliobaki juu. Changarawe asilimia sabini! Akaandika kwamba msingi wa futi mbili unatosha, akaenda kunywa supu.

Mama Rebeka akatia machekeche kwenye beseni. Changarawe yote ikayeyuka, maji yakawa meusi tii. Kumbe ni mbuga, udongo unaonasa ng'ombe masika na kupasuka kiangazi. Mabonge yake yakikauka, ni mawe matupu. Aliingiwa na hofu kweli. Rebeka, bintiye, angejifungulia wodi hiyo.

“Injinia, changarawe yako imeisha kwenye maji.”

“Shikamoo, Mama Rebeka. Sayansi inataka asilimia, haitaki beseni.”

“Marahaba. Utazipata.”

Akaloweka sampuli nyingine kwa sabuni ya unga, akaichekecha kwa maji. Mchanga uliobaki juu akaukausha na kuupima: asilimia kumi na mbili. Udongo uliopita chini ulikuwa laini mno kwa chekeche lolote. Akaukoroga kwenye silinda ya maji, akazamisha kile kipimo cha kioo kinachoelea, alivyomwona mhandisi wa zamani akifanya. Stanslaus alikuwa amekitunza vizuri sana, ndani ya boksi. Chembe nzito huzama mapema, nyepesi hukawia, naye akasoma namba hadi kesho yake. Vumbi laini ishirini na saba, udongo wa mfinyanzi sitini na moja.

Stanslaus akajumlisha mara tatu akitafuta kosa. Mia. Mia. Mia ileile.

Ripoti ikabadilishwa: mbuga itolewe yote. Stanslaus akapata cheti kwa ubunifu wa kuunganisha njia mbili, ya chekeche na ya silinda. Mama Rebeka naye hakusahauliwa. Alipata barua ya onyo, kwa kutumia sabuni ya ofisi nje ya shughuli za usafi. Stanslaus mwenyewe ndiye aliyemletea.

Mama Rebeka akasaini. “Msingi umefika wapi?”

“Futi saba.”

“Mbuga imeisha?”

“Imebaki kidogo tu, Mama.”

“Basi andika na barua ya pili kabisa. Halafu niletee huo udongo wa chini, niuloweke kwa sabuni.”