Mpini Uliokatwa Wakati wa Vita

Juma lililopita nilikuwa kwenye kituo kimoja cha afya hapa Kindu, nikingojea zamu yangu kwa sababu ya mgongo. Mbele yangu alikuwa mama mmoja mzee, mkulima wa mpunga kutoka Kibombo. Alipoitwa alisimama, lakini kiuno chake kilibaki kimepinda, utadhani bado anapalilia.

Muuguzi akamwambia kwa upole, "Mama, kamata jembe ya mupini murefu. Ile ya mufupi ndiyo inakuvunja mugongo."

Mama akacheka. "Ya murefu nilikuwa nayo, mwanangu. Wakati ya vita tulikata mipini yote. Watu ya bunduki walikuwa wanapita barabarani. Ukilima na mupini murefu, kichwa kinaonekana juu ya mupunga. Na ule mufupi, unalima na hakuna mutu anakuona."

"Lakini huko kwenu vita ilishaisha zamani, mama."

Mama akafungua viganja vyake, akavitazama. "Ile jembe ililisha watoto wangu sita. Hakuna hata mumoja alikufa na njala. Nitaitupa namna gani?" Akavikunja viganja. "Binti yangu, yeye nilimutilia mupini murefu. Yeye aonekane."

Muuguzi aliacha kuandika.

Zamu yangu ikafika. "Na wewe, papa, mugongo uliumizwa na nini?"

Ulikuwa umeumizwa na kiti cha ofisi. Nikamjibu kwamba nimeshapona.