Hoteli Inayokufa Imejaa Watu

"Mama, hawa wote wa nini?" Jenipha alimfokea mkwewe. "Watu wa televisheni wanakuja kuokoa hoteli iliyokosa wateja, na wewe umeita ukoo mzima kutoka Busawe!"

"Ulitaka Tanzania nzima inione nimekaa na nzi?" Leonida akajibu.

Hoteli yake hapo Nyamongo ilikuwa imekimbiwa mwaka mzima. Watu wa televisheni wasipomsaidia, angefunga mlango kabla mwezi haujaisha, na hilo alilijua. Lakini mdomo wake haukuwahi kumhurumia. Ni yeye aliyewatangazia Busawe kwamba wachimbaji wa dhahabu wanapigania viti vyake, na kwamba chai yake ilimwamsha mtu aliyezimia siku mbili. Kuamka aliamka kweli, ila ili aiteme.

"Basi waambie waondoke."

"Mkwe wangu, nimewachinjia mbuzi. Mtu unamfukuzaje na mfupa mdomoni?"

Mezani, Chrispin, kaka yake Leonida, alilamba vidole. "Dada, supu tamu hii!"

"Umesikia?" Jenipha akashika kichwa. "Tumekwisha. Angalau wanune!"

Leonida akapanda juu ya kreti la soda, akagonga sufuria kwa mwiko. "Jamani wa Busawe! Wageni wakiingia, nuneni. Semeni ugali wangu mbichi, supu yangu inanuka, hata mbwa wa hapa..."

Binti mwenye kamera begani alikuwa amesimama mlangoni, anazitazama meza zilizojaa.

"Shikamoo bibi. Samahani, nadhani tumekosea hoteli."