Bi Umi na Karai la Upepo

Ukitaka kugombana na Bi Umi wa Rasbura, mwambie samaki wake hajaiva. Hatakujibu. Atakutazama tu, kisha atarudi kwenye karai lake, na kuanzia siku hiyo ukipita mlangoni kwake utaitikiwa salamu nusunusu mpaka uchoke mwenyewe. Maana Bi Umi hakaangi kwa saa wala kwa kutazama rangi. Anakaanga kwa sikio. Samaki akiingia kwenye mafuta hupiga kelele. Kelele ikipungua anageuzwa, ikibaki kunong'ona anaopolewa. Ndivyo alivyolisha watu tisa kwa miaka thelathini na ushee, kwa karai moja la chuma ambalo mtoto mchanga angeweza kuogea humo.

Watu tisa hao sasa hawajatimia. Watoto saba wametawanyika, wengine Dar, wengine Masasi, mmoja Kilwa Masoko, na nyumbani wamebaki Bi Umi na mumewe, Mzee Nurdin, karani mstaafu wa ghala la korosho. Lakini karai halikupewa taarifa. Bi Umi aliendelea kukaanga kana kwamba wale saba wako uani wananawa mikono, na kilichobaki kikaenda kwa majirani. Majirani, tuseme ukweli, hawakulalamika hata siku moja.

Basi Mzee Nurdin akaenda kupimwa, akakutwa na presha. Daktari akamwambia mafuta basi, chumvi aionje tu. Mzee alirudi nyumbani akayasema haya kwa sauti ya chini, akitumaini mkewe hatasikia vizuri. Alisikia. Tangu siku hiyo Mzee Nurdin akawa anatengewa chakula chake mbali: samaki wa chukuchuku, mchicha wa kuchemsha, ubwabwa mkavu, vyote kwenye sahani ndogo yenye maua, juu imefunikwa kwa kawa, imewekwa mkekani sebuleni. "Kula, Baba Abdu, upone," Bi Umi anamwambia, kisha anaingia jikoni, anafunga mlango, anakula kipande chake cha kukaanga kimyakimya ili mzee asitamani. Ilikuwa huruma tupu, na Bi Umi mwenyewe alijisifu moyoni kwa huruma hiyo.

Wiki ya tatu mambo yakaanza kwenda kombo. Mzee anakula matonge matatu, anasema ameshiba, anavaa kofia, anaaga kuwa anakwenda kuzungumza na wenzake. Anarudi jioni uso umenawiri, hataki chochote. Siku ya kufua Bi Umi alipochukua shati la mumewe, mkono wa shati ukamnukia mafuta. Akanusa tena, asije akamsingizia mtu. Mafuta ya alizeti, tena yaliyorudiwa kukaangiwa mihogo si chini ya mara tatu. Pua hiyo haijawahi kukosea.

Mzee angekuwa ameoa mke wa pili, Bi Umi angejua pa kuanzia: angewaita wazee wa ukoo, angelia kidogo, angenuna sana. Lakini mume mwenye karai la pili unampeleka kwa nani? Ilimuuma, tena vibaya. Ilimuuma kwamba mzee atajiua kwa mafuta, na ilimuuma vilevile kwamba atajiua kwa mafuta ya mwanamke mwingine. Hakuweza kusema lipi linamuuma zaidi, na hilo nalo likamtia aibu. Aliloazimia ni moja tu, kumrudisha mume wake ale nyumbani.

Hapo ndipo alipoikumbuka ile mashine kwenye duka la Akberali. Duka lile la vyombo, kule mjini, linaendeshwa hasa na mkewe, Batool, na kwa miezi kadhaa sasa kabatini kulikuwa na mtambo mweusi wenye umbo la yai kubwa, ambao watoto wa Dar wanauita eafraya. Unakaanga kwa upepo wa moto, bila mafuta. Bi Umi alikuwa akipita mbele yake kila mara na kuucheka.

"Shikamoo, Bi Umi," Batool akamwamkia alipomwona.

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie bila biashara. Hiki kitu kinakaanga kweli, au kinapasha tu?"

Batool akafikiri, kwa sababu mbele ya Bi Umi mtu hasemi hovyo mambo ya kukaanga. "Mimi natengenezea sambusa. Si zile zile, lakini ni sambusa. Chukua ukajaribu wiki moja, Bi Umi. Ukiipenda utalipa, usipoipenda utairudisha ikiwa safi. Wewe si mtu wa jana hapa."

Bi Umi alikuwa na hela zake za korosho za shamba la Rutamba, alizozitenga kuezekea upya banda la uani. Banda linavuja. Akajiambia kuwa paa la banda linaweza kungoja kiangazi kingine, mume hangoji, akaubeba mtambo nyumbani ndani ya kanga.

Siku ya kwanza alianza na bagia za kunde, na hapo alifanya kosa ambalo lingefanywa na mpishi hodari tu. Asiyejua angesoma kwanza kile kijitabu. Yeye akaukoroga unga wake wa kunde kama alivyoukoroga maisha yake yote, akachota kwa vidole, akaangusha kwenye kikapu cha mashine, tone, tone, tone. Kikapu kina matundu. Unga wote ukachuruzika chini, na mashine ilipolia kuwa imemaliza, Bi Umi alivuta kikapu akakuta kitu kimoja kipana, kigumu, ambacho angeweza kuzibia ule uvujaji wa banda. Alikaa juu ya kibao cha mbuzi akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akakitupia kuku, na kuku nao wakakizunguka kwanza.

Siku ya pili alitia mihogo. Mihogo ilitoka safi, kavu nje, laini ndani, na Bi Umi akakasirika kidogo kwa sababu alikuwa amejiandaa kukasirika sana. Siku ya tatu akatia changu wawili. Kilichomsumbua ni kimya. Mashine ilivuma tu, haikusema samaki amefika wapi, na yeye alisimama kando yake ameinamisha sikio kama anayesikiliza mlango wa jirani. Batool alipopiga simu kuuliza habari, Bi Umi hakuficha.

"Haina sauti, haina harufu. Na kikapu kinaingia samaki wawili tu, Batool. Wawili! Hiki ni chombo cha wageni wa hoteli, si cha nyumba ya watu."

Lakini kibaya kuliko vyote ni kwamba Mzee Nurdin hakubadilika. Alitengewa mihogo ya upepo, akala vipande viwili. Alitengewa changu wa upepo kwenye sahani yake ya maua, akafunua kawa, akasema mashaallah, akala upande mmoja, akavaa kofia. Siku ya nne alipotoka, Bi Umi alijitanda baibui akamfuata.

Hakwenda mbali. Karibu na soko kuna kibanda cha dada mmoja anaitwa Devota, anayeuza mihogo na samaki wa kukaanga, na karai lake liko mbele kabisa, kando ya benchi. Bi Umi alijibanza nyuma ya kreti za soda. Pale kwenye benchi, moshi wa karai ukiwavukia mikononi, walikaa watu watatu: Mzee Nurdin, na Tomaso na Cletus waliofanya naye kazi ghalani. Katikati yao kulikuwa na sinia moja. Bi Umi akajitokeza kabla moyo haujamshauri vinginevyo.

"Assalaam aleikum."

Mzee Nurdin aliganda, kipande cha muhogo kikiwa mkononi. Tomaso ndiye aliyeinuka. "Karibu, shemeji. Kaa hapa."

"Sikuja kukaa. Devota, unamlisha nini mume wangu?"

"Mihogo ya kuchemsha, mama, na samaki wa chukuchuku," Devota akasema. "Wote watatu wamekatazwa mafuta. Siku ya kwanza nilidhani wananitania."

Bi Umi hakuamini. Akainama, akamega kipande cha samaki kutoka kwenye sinia, akaonja. Hakuna mafuta. Hakuna ndimu, hakuna kitunguu, na samaki mwenyewe alikuwa amechemshwa mpaka amekata tamaa. Mafuta yaliyonukia kwenye shati yalikuwa ya moshi wa karai la Devota. Pua haikukosea, mwenye pua ndiye aliyekosea.

"Samaki huyu anamshinda nini wa kwangu?" akauliza.

"Hamshindi," Mzee Nurdin akasema. "Wa kwako ni mtamu, hata huyo wa upepo."

"Sasa?"

Mzee akarudisha kipande chake kwenye sinia. "Kule nakula peke yangu, Mama Abdu. Sahani ndogo, kawa juu, na wewe umejifungia jikoni. Nasikia unavyotafuna. Maisha yetu yote tumekula sinia moja, leo nimetengwa kama mtu anayesubiriwa afe. Hapa mimi na hawa tunagombania mkia wa samaki."

Cletus akajitia kutazama barabara. Bi Umi alitaka kusema kuwa ilikuwa huruma, kwamba alijificha ili asimtese, lakini maneno aliyoyaona mazuri nyumbani hayakutoka. Aliona aibu, na chini ya aibu alimwonea mumewe uchungu mwingi. Akakaa kwenye benchi, akachukua kipande cha muhogo kutoka kwenye sinia la wazee, akala mpaka kikaisha. Kisha akamwelekeza Devota namna ya kutia ndimu.

Kesho yake alinunua changu wawili wa kadiri. Akawapaka ndimu, kitunguu saumu na pilipili, chumvi ya kuonja, akawatia kwenye mashine. Safari hii hakuinamisha sikio, alitumia saa. Akashusha sinia kubwa la nyumba, lile la watu tisa, ambalo lilikuwa halijashuka tangu siku ya presha. Akapakua ubwabwa, akaweka samaki wawili katikati. Sinia lilionekana kubwa mno, na Bi Umi alisimama nalo jikoni kidogo kabla ya kulipeleka. Alipolifikisha mkekani, akakaa na yeye.

Mzee Nurdin akatazama sinia, akamtazama mkewe. "Na wewe unakula hiki?"

"Nakula."

"Si ungejikaangia wako?"

"Karai nimelitundika. Litashuka Idi, wakija watoto wenyewe."

Wakanawa, wakasema bismillahi. Mzee alionja, akatafuna. "Mkavu kidogo huku mkiani," akasema, kisha akakumbuka anasema na nani.

"Mkavu," Bi Umi akakubali. Ilikuwa mara ya kwanza, na majirani wasingeamini. Mzee akachokonoa ile minofu ya shavu la samaki, akaisogeza upande wa mkewe, kama alivyokuwa akiwasogezea watoto. Siku hiyo hakuvaa kofia.

Wiki ilipotimia Bi Umi aliubeba mtambo mpaka dukani, umesuguliwa unang'aa, akauweka juu ya kaunta mbele ya Batool.

"Enhe, Bi Umi. Umeionaje?"

"Bagia haiziwezi. Sauti haina. Na kikapu, kama nilivyokwambia, kinaingia samaki wawili tu."

Batool akaanza kuuvuta mtambo upande wake wa kaunta. "Basi pole kwa usumbufu. Akberali akienda Dar nitamwambia aulizie yenye kikapu kikubwa."

Bi Umi akaweka mkono juu ya mtambo. "Acha, mwanangu. Nachukua hii hii. Tupo wawili."

Alikuwa hajapata kulisema hilo kwa mtu yeyote tangu mtoto wa mwisho apande basi la Dar. Kisha akafungua pochi.