Bi Somoe aliniomba niandike jina lake: anarchism, ujamaa huria na kosa langu la Ziwani

Wakuu, heshima kwenu. Haya sikusimuliwa, niliyatenda mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, nikifanya utafiti Ziwani, Mtwara. Thesis yangu iliuliza anarchism inahusianaje na libertarian socialism, yaani ujamaa huria.

Kaya kumi na moja pale zililimiana mihogo kwa zamu. Mwenye shamba la siku ndiye aliyepika na kupanga kazi. Kesho yake aliongoza mwingine.

"Leo bosi mimi, mwalimu," Bi Somoe, mwenye shamba la siku hiyo, aliniambia, akinipa jembe. "Kesho bosi Hamisi. Kwa mapishi yake yale, shiba leo."

Nifafanue kidogo. Ujamaa huria ni mwavuli: mali ya pamoja, bila amri za kutoka juu. Anarchism niliyoisoma imo chini yake, ila yenyewe huikataa dola kabisa. Wengine mwavulini humo huivumilia.

Wakati huo serikali ilikuwa ikihamishia kaya kwenye vijiji vipya. Ofisa mmoja wa serikali akasema kikundi chenye mwenyekiti kingebaki na mashamba yake. Akaniagiza mimi, msomi, niandike taarifa.

Bi Somoe akanifuata. "Andika jina langu, yaishe."

"Lakini wewe si mwenyekiti, mama."

"Kwani karatasi ndiyo italima?"

Nilitafakari siku mbili. Nikaona huo ungekuwa uongo wa kitaaluma. Nikaandika: hawana mwenyekiti, mfumo wao ni anarchism.

Ofisa alisoma, akauliza, "Kwa hiyo hawa wanaikataa serikali?"

Nilimweleza tofauti kwa nusu saa. Alisikiliza kwa adabu, kisha akalipigia mstari neno lile moja.

Kaya zile zilitawanywa katika vijiji vitatu. Mihogo iliishia kwa nguruwe pori.

Nilimkuta Bi Somoe akifunga vyombo. Hakunitukana.

"Tulikuomba jina," alisema. "Ukatupa neno."

Thesis ilipita. Sijaifungua tangu hapo.

Kinachonitesa ni hiki. Watu walio tayari kuipa serikali jina la mwenyekiti, ili waendelee kulimiana bila mkubwa, hawaikatai dola. Wanaivumilia. Kwa ufafanuzi wangu mwenyewe, hawakuwa anarchists hata kidogo.

Niliwaponza kwa ajili ya usahihi, na usahihi wenyewe sikuwa nao.

Funzo langu: kabla hujawapa watu jina la kitabuni, wasomee ulichoandika, wakusahihishe.

Wakuu, ninyi mngeandika jina lile? Semeni, msinionee huruma.