Daktari Huenda na Gego la Mkewe

Daktari wa kusoma picha za vichwa katika hospitali ile aliitwa Huenda, na jina hilo alilitolea jasho mwenyewe. Miaka yote aliyokaa kwenye chumba chake cha giza, macho kwenye kompyuta, hakuwahi kukosea, kwa sababu hakuwahi kusema kitu. Akiona doa kwenye ubongo, huandika: huenda ni uvimbe, huenda ni usaha, huenda ni kovu la zamani. Wapasuaji waliosoma ripoti zake walibaki vilevile walivyokuwa, ila wamechelewa. Yeye aliona hiyo ni hekima. Mimi naiita woga uliovaa koti jeupe.

Nyumbani hakuwa tofauti. Ukimuuliza kama chai imekolea sukari, anaonja mara mbili, kisha anasema huenda. Basi mkewe alipolalamika kwamba gego linamuuma, akataka kujua kama akaling'oe, alijibiwa kwamba huenda litatulia. Mama wa watu akatafunia upande mmoja, akangoja. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Kikaja kichwa cha kupasua, ikaja homa, kisha asubuhi moja kikombe kikamponyoka kwa sababu mkono wa kulia ulikataa kumtii.

Akapelekwa hospitali, akapigwa picha za kichwa, nazo zikaishia kwa mumewe, maana hapakuwa na msomaji mwingine. Upande wa kushoto wa ubongo palikuwa na pete nyeupe. Pete ya namna hiyo yaweza kuwa saratani, yaweza kuwa jipu, na hapo katikati ndipo Huenda alipojenga nyumba yake miaka yote. Mpasuaji akamsimamia mlangoni. Akamwambia kama ni jipu anamwingiza mgonjwa chumba cha upasuaji sasa hivi, lisije likapasukia ndani likamuua. Kama ni saratani, njia ni nyingine.

"Usaha au saratani, daktari? Neno moja tu."

Daktari akasogeza kiti karibu na kompyuta. Akaitazama pete: ukuta mwembamba, laini, bila mabonde mabonde ya saratani. Akafungua picha ya MRI inayoonyesha mahali maji yalipokwama. Katikati ya pete paling'aa peupe, na usaha mzito, unaonasa maji, ndivyo unavyong'aa. Haya aliyajua tangu chuoni, ila hakuna aliyewahi kumlazimisha kuyasema.

"Usaha," akasema. "Mpasue."

Wakatoboa fuvu, wakavuta usaha, mama akapona. Alipoweza kukaa kitandani, mpasuaji alimweleza bila kuzunguka kwamba vijidudu vilitokea kwenye gego. Jioni mumewe akaingia kifua mbele, akiwasimulia wauguzi na wagonjwa jinsi alivyolitambua jipu kwa kutupia jicho mara moja tu. Mkewe akamsikiliza hadi mwisho.

"Baba watoto, lilitokana na lile jino?"

Daktari akakohoa, akanyoosha shuka ambalo tayari lilikuwa limenyooka.

"Huenda."

Mkewe akamgeukia muuguzi, akamwambia saa za kuona wagonjwa zimekwisha.