Makaburi ya nyuma ya stesheni

Leo mama yangu ametafuta kaburi la dada yangu, na hakulipata.

Wenye kukumbuka miaka ya tisini mnajua. Tulipofukuzwa mji wa Likasi kwa sababu ya kabila letu, wengi tulilala kwenye stesheni wiki nzima nzima tukingoja treni. Sisi tulingojea kwenye stesheni ndogo, upande wa Kambove. Nilikuwa na miaka sita. Dada yangu Béa, wa miaka miwili, alikufa pale kwa surua. Baba alimzika asubuhi, nyuma ya stesheni.

Jioni treni ikafika. Tukapanda.

Mama hakuwahi kurudi, mpaka leo.

Reli zimeng'olewa. Kwenye kibaraza cha stesheni mwanamke mmoja alikuwa anaanika mihogo. Niliogopa atatufukuza.

Akamwangalia mama sana. "Mama, weye ulikuwaka hapa wakati ya train?"

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Kuya basi," akatuashiria tumfuate. "Mama yangu alitukatazaka kulima kule."

Nyuma ya shamba lake la mihogo kulikuwa na majani, na vilima vidogo vidogo vya udongo. Mama alikuwa anakumbuka kimoja tu. Mimi nilihesabu hadi kumi na tisa, nikaacha.

"Ya kwenu ni ile gani?"

"Siyui, mwana yangu."

Akachuchumaa kwenye cha kwanza. "Béa, ni mama."

Kisha cha pili. "Béa, ni mama."

Alivimaliza vyote.

Kama kuna wenu aliyebaki pale, niandikieni jina lake hapa chini. Jumamosi tunarudi, na mama anataka kuyataja majina hayo yote.