Njinga wa Mama

Kwa Wayao wa kina baba, kule Lisekese, baiskeli huitwa njinga. Kwa Wamakonde wa kina mama, kule Mnyambe, m ya Kiswahili hutuponyoka mdomoni ikawa n: mtoto ni ntoto, mkono ni nkono, na mtu asiye na akili ni njinga. Baba hakulijua hilo siku aliyokwenda ukweni kujitambulisha.

Alikuwa ameikokota baiskeli yake kupanda mlima wa Newala tangu alfajiri. Alipokwisha kumwamkia bibi shikamoo na kuitikiwa marahaba, akaomba radhi: "Njinga yangu nimeiacha nje, mama. Haina neno?"

Bibi akashtuka. Ile "yangu" aliisamehe, maana aliamini Wayao hawajui ngeli, lakini hilo la kumwacha mtu nje juani hakuweza kulisamehe. "Jamani baba, naye si ntu? Nwambie aingie ale." Akapakua sahani ya pili ya ugali na kisamvu kwa ajili ya huyo njinga. Mama alikuwa jikoni, akacheka mpaka moshi ukampalia. Anasema hapo ndipo alipoamua kuolewa, kwa sababu baba alizimaliza sahani zote mbili ili asimuaibishe bibi.

Mimi nilizaliwa huko huko Newala, nikaikuta baiskeli na jina lake hilo hilo. Njinga ilituletea maji kutoka bondeni, madumu yakining'inia huku na huku, na ilinibeba mimi kwenye keria, miguu nimeitanua nisije nikanaswa na spoku. Hatimaye fremu ikakatika kwenye mteremko, na fundi wa kuchomelea akatikisa kichwa. Nilidhani baba ataitupa. Badala yake aliketi barazani na spana yake, akaifungua taratibu kama anayemvua mgonjwa nguo.

Ringi moja akaining'iniza juu ya jiko, mama akatundika samaki wakavu wake humo, mbali na panya. Madigadi akaikata, ikawa mwiko wa kukorogea korosho wakati wa kuzichoma, maana mpini wake mrefu ulimwepusha mtu na yale mafuta yanayounguza. Mnyororo ukafunga banda la kuku. Tyubu alizichana mikanda, na sijui ni kitu gani pale nyumbani ambacho hakikuwahi kufungwa na ule mpira: jembe, mguu wa kitanda, mfuniko wa pipa, hata redio. Kengele aliipigilia kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, mama akawa anatuitia chakula. Spoku moja aliitia kwenye makaa mpaka ikaiva, akaipinda ncha, akainoa juu ya jiwe siku kadhaa. Ikawa kulabu ya mama ya kufumia vitambaa. Vitambaa vile nilivichukia. Kila mgeni aliyeinuka kwenye kiti chetu aliondoka na kimoja kimemganda mgongoni, na ni mimi niliyetumwa kumkimbilia.

Baba hayupo tena. Namkumbuka, na sioni sababu ya kulizungusha neno hili. Huku Masasi ninakoishi barabara zimejaa bodaboda, na kila nikisikia kengele ya baiskeli, siku ikitokea, nageuka na shingo yote kama mjinga mwenyewe. Ndiyo maana mama alipoanguka akichota maji kwenye tangi, na jirani akanipigia simu, sikulala nikitaka jambo moja tu: aje akae kwangu. Mmoja ameshanitoka, huyu sikutaka nimkose kwa sababu ya ndoo.

Alikuwa akinikatalia miaka yote. Safari hii akakubali, nami nikapanda Newala na kirikuu cha kukodi haraka haraka, kabla hajageuza maneno. Tukapakia kitanda, masufuria, kuku. Nilipomwambia apande, akasimama.

"Njinga je?"

"Mama, njinga gani? Si ilishakufa zamani?"

"Nani kakwambia?"

Nikaudhika, nakiri. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Lakini mama alikwisha kugeuka, anachechemea na fimbo yake, anaelekea jikoni. Akaniamuru niishushe ringi. Akang'oa kengele kwa kisu, misumari ikagoma, akaitukana kwa Kimakonde. Akafungua mnyororo kwenye banda tupu, akachukua madigadi nyeusi ya masizi, akakusanya hata vipande vya tyubu vilivyoliwa na jua. Kulabu alikuwa nayo tayari, ameifunga kwenye pindo la khanga. Vyote akavipanga juu ya mkeka, vikapata umbo fulani, ringi mbele, kengele juu yake. Hapo hasira zangu ziliniishia. Nilikuwa nadhani namhamisha mjane anayeishi peke yake, kumbe kila alipopika, alipofunga kuku, alipofuma, alikuwa na mtu.

Tukauviringisha mkeka na kuufunga kwa ule mpira wenyewe. Njia nzima ya kushuka mlima aliuegemeza mguuni, na kwenye makorongo kengele ililia humo ndani. Mama akawa anatabasamu peke yake, mimi nikatazama dirishani ili nisilie mbele ya dereva.

Tulifika Masasi saa ya chakula. Jirani yangu, Mmakua mmoja mchangamfu, alikuwa ametupikia. Akampokea mama fimbo, akamkalisha.

"Shikamoo mama. Pole na safari."

"Marahaba, mwanangu."

"Umekuja peke yako?"

"Peke yangu kwa nini?" Mama akacheka, kile kicheko cha jikoni. "Nimekuja na njinga wangu. Yuko nje."

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Baba siku zote alisema njinga yangu, iko nje. Kisha nikasikia vizuri alichosema, nikaufunga.

Jirani alikuwa ameshachukua sahani nyingine. "Jamani, mbona mnamwacha nje? Mwambieni aingie ale."

Mama akanitazama. Nikatoka kwenda kumleta.